Kimbunga Kilichoitwa Mama

Kila mwaka Juni ikikaribia, magazeti ya huku ughaibuni huchapa majina ya vimbunga vya msimu unaokuja. Yamepangwa kwa alfabeti, la kike, la kiume, la kike, la kiume, na sidhani kama kuna anayeyasoma isipokuwa watu wenye nyumba pwani, na mimi. Mimi natafuta jina moja tu. Miaka mingi halimo, maana majina hayo huzunguka na kurudi baada ya miaka sita, isipokuwa la kimbunga kilichofanya maafa makubwa, ambalo hustaafishwa. La kwangu bado liko kazini. Nikilikuta nalitazama kidogo, nakunja gazeti, naendelea na chai yangu.

Ni jina la ubatizo la mama yangu. Masista wa Kijerumani waliligawa sana kwetu Mbinga zamani, kiasi kwamba kanisani ukiliita kwa sauti wangegeuka wanawake wa benchi zima. Sitaliandika hapa. Silifichi, sikulelewa kulitamka tu. Mama ni Mama. Siku nilipoandikishwa shule, mwalimu aliniuliza mama anaitwa nani, nikajibu, "Mama." Akauliza tena, nikajibu vilevile, kwa sauti ya juu zaidi nikidhani mwalimu ana shida ya masikio. Kaka yangu ndiye aliyemnong'oneza, nami nikamkasirikia kaka hadi jioni kwa kumvua mama nguo mbele za watu.

Mwaka tisini na sita nilikuwa nakaa Riverdale Park na Mkenya mmoja wa Nakuru aliyekuwa anasomea unesi. Tulikuwa na chumba kimoja na sebule, na treni ya mizigo ikipita vikombe viligongana kabatini. Kila asubuhi nilivuka jiji zima kwenda Arlington kumtunza bibi mmoja mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa mwanajeshi. Nilikuwa sijamwona mama kwa miaka saba. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa kwa mwanasheria, na mwanasheria alikuwa amenionya nisithubutu kutoka nchini, kwa sababu nikitoka sitaruhusiwa kuingia tena. Kwa hiyo kama mimi nisingeweza kwenda, mama ingebidi aje. Na mwezi wa tano mama akapewa viza, kwa mshangao wa kila mtu, yeye akiwa wa kwanza.

Tangu siku ile nilikuwa mtu wa ajabu. Nilimnunulia koti la baridi kali katikati ya kiangazi. Nilishinda Columbia Heights kwenye maduka ya Walatino nikipekua maharage, nikitafuta yale ya rangi ya maziwa na michirizi myekundu ambayo mama hupika na kitunguu tu, na kila muuzaji niliyemweleza kwa mikono alinionyesha maharage meusi. Niliyapata mwishowe. Nilimhamishia mwenzangu kitanda chake sebuleni bila kumwomba ruhusa, akanitazama, akasema, "Sawa tu. Si ni mathe anakuja." Mathe ni mama, kwa Kiswahili cha vijana wa kwao. Mimi nilimwambia hilo si neno la kumwitia mzazi wa mtu. Akacheka.

Mambo ya vimbunga nilifundishwa na bibi wa Arlington, na nilianza masomo vibaya. Mwezi wa sita niliingia bafuni nikakuta sinki la kuogea limejaa maji hadi ukingoni, baridi, hayana sabuni. Nikadhani bibi amefungua bomba akasahau, nikaona nimwokoe aibu. Nikachomoa kizibo. Aliposikia maji yanateremka alikuja na kigongo chake mbiombio, na sijawahi kuona mtu mwenye magoti yale akienda mbio vile. Aliniita majina ambayo sikuyajua, na ndiyo maana hayakuniuma.

Kumbe alizaliwa pwani ya kusini, ambako kimbunga kikitajwa redioni kila mtu hujaza sinki, kwa sababu umeme ukikatika na mabomba yakachafuka, maji yale ndiyo ya choo na ya kunawa. Kwao nyumba iliezuliwa akiwa mtoto. Sasa amekaa Arlington miaka arobaini, mbali na bahari, na bado akisikia kuna upepo mahali, anajaza. Kile cha mwezi wa sita kilikuwa kidogo na kilipita mbali, lakini maji yalikaa pale siku nne, na mimi nikawa namwogesha kwa beseni.

Tangu hapo akawa ananieleza. Aliniambia jicho la kimbunga ni mahali patulivu, jua linawaka, ndege wanalia, na wajinga wanatoka nje kuokota mabati yao. Kisha upande wa pili unawakuta barabarani. Aliniambia tangazo la kukaa macho maana yake huenda kikaja, na tangazo la onyo maana yake kinakuja, na kwamba watu hufa kwa kuchanganya hayo mawili. Aliniambia maji ndiyo yanayoua, upepo unapewa sifa tu. Na aliniambia kwamba vile vikubwa huanzia kwetu. Hewa inajikunja juu ya nchi kavu ya Afrika, inatoka baharini upande wa magharibi, inakunywa joto la maji njia nzima, na ikifika huku imekuwa kitu kingine kabisa. Nilimwambia kwetu ni upande wa mashariki, mbali kabisa na huko. Akasema hewa haijali.

Mwanzoni mwa Julai kikatokea hicho chenye jina. Tulikuwa mbele ya televisheni yake, namkata kucha, mtangazaji akalitamka. Nikamkata kidole.

"Una nini?" akauliza bibi.

Nikamwambia hilo ni jina la mama yangu. Akaniomba nilirudie, asikie linavyotamkwa kwetu. Nikashindwa. Mwanamke mzima, kwenye nchi ambayo wajukuu wanamwita babu yao kwa jina kama wanamwita paka, nimeshika kikata kucha, mdomo hautaki. Nikamweleza kwamba mtoto halitaji. Alifikiri kidogo akasema, "Basi huyu tumwite Mama."

Ndivyo ilivyoanza. Niliporudi nyumbani nikamsimulia mwenzangu, na huyo hakuhitaji kusimuliwa mara mbili. Wiki nzima hatukulitaja jina. Asubuhi ilikuwa, "Mathe wako amefika wapi?" Jioni, "Nime-check TV. Ati ame-gain nguvu, sasa ni hurricane kamili. Huyo mama si wa mchezo!" Nami nilijibu vilevile. Nilikuwa nikimcheka kila siku kwa kusema "hiyo kimbunga", nikimwambia ni "hicho", sisi Watanzania tunajua ngeli. Sasa wote wawili tuliliacha suala la ngeli. Kimbunga kisichokuwa na jina ni kitu, kinakuja, kinapita. Kikipewa jina anakuwa mtu. Anakuja. Amegeuka. Amelala juu ya visiwa. Ukitusikiliza kutoka ngazini ungedhani tunamsengenya mgeni.

Jumapili nilipiga simu nyumba ya mapadre, kama kawaida yetu, baada ya misa ya pili. Mama alikuwa hapo akisubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Padre anasema huko kuna kimbunga na wamekipa jina langu. Nimewakosea nini?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikamwambia majina wanayapanga tu miaka mingi mbele, ili watu wasichanganye vimbunga viwili vikitokea pamoja. Mama alikuwa na maswali. Mbona kwetu havifiki? Nikamwambia tuko karibu na ikweta, upepo haupati kujizungusha. Kina jicho, ni kweli? Kweli. Linaona nini? Nikasema halioni kitu, mama, ni pengo tu. Akasema basi si jicho. Nikamwambia kingine alichonifundisha bibi, kwamba kimeanzia Afrika, nikijua atafurahi. Akafurahi kweli. "Kumbe ni mtu wa kwetu!" Kisha akauliza, "Na kikishafika huko, hurudi?"

"Hakirudi. Kinapanda kaskazini kwenye maji ya baridi, kinaishia huko huko."

"Hakuna hata kimoja kilichowahi kurudi?"

"Hakuna, mama."

Nilidhani laini imekatika, nikapiga kelele haloo, haloo. Akasema yupo. Akauliza kama koti nililonunua lina kofia. Nikamwambia lina kofia. Jumatano alipanda basi kwenda Dar, kwa kaka, ambaye ndiye angemsindikiza uwanja wa ndege. Angeruka Ijumaa usiku na kutua huku Jumamosi.

Na huyo Mama mwingine naye alikuwa anatua Jumamosi. Hapo ndipo utani wangu ulipooza. Kila saa televisheni ilionyesha ramani yenye duara jekundu linalopanda pwani, na mstari wake ulikuwa umeelekezwa kwetu. Nilikuwa naona ndege ya mama inazungushwa hewani, au inapelekwa mji ambao hana mtu, na yeye hajui hata neno la kuomba maji. Bibi alijaza sinki tangu Jumanne. Mimi nilianza kusali, na sala yangu ilikuwa ya ajabu: Mungu, mzuie mama ili mama aje. Nilisali hivyo ndani ya treni, nikiwa nimesimama, midomo ikicheza, na aliyekaa mbele yangu akahamia kiti kingine.

Ijumaa mchana nilikuwa nampa bibi supu yake, simu ikalia. Alikuwa mwenzangu. Hajawahi kunipigia kazini.

"Sikia," akasema. "Mama yako hatakuja."

"Hatakuja?"

"Hatakuja. Ame-change. Nimeambiwa sasa hivi."

"Asante Mungu!" Nilipiga kelele hadi bibi akamwaga kijiko. "Asante Yesu! Ulitaka kuniua wewe na habari zako!" Nikaweka simu chini, maana supu ilikuwa inatiririka kwenye kanga niliyomfunga bibi kifuani.

Nikamwambia bibi kimbunga kimegeuka. Akasema nani kasema? Nikasema mwenzangu, anafuatilia sana. Nilikuwa nimelewa furaha. Nilimsafisha, nikaimba, nikaenda bafuni nikachomoa kizibo kwa mara ya pili katika maisha yangu, nikasimama kuangalia maji yakizunguka yakishuka na kile kishimo kidogo katikati. Bibi aliita kutoka sebuleni. Sauti yake haikuwa ya hasira safari hii.

"Njoo uone," akasema.

Duara jekundu lilikuwa palepale. Limeshaingia nchi kavu kusini yetu na mstari bado unakuja kaskazini. Mtangazaji hakusema lolote juu ya kugeuka. Nikasema hizo ni habari za zamani, hawajabadilisha. Bibi alinitazama muda mrefu, akaniambia niondoke mapema, mvua isinikute. Nikamjazia tena sinki, kwa kumridhisha tu, nikachukua mkoba wangu.

Upande wa Arlington treni ile hupita chini ya ardhi, na chini huko hakuna hali ya hewa. Nilikaa nikipanga. Kesho niamke alfajiri, nichemshe maharage. Nitamwandalia maji ya moto, najua atakataa kuoga kwanza, atataka kuona ninapolala. Nilikuwa na hamu naye hadi mikono inauma, hamu ya kumkuta jikoni akinipa kisogo na kunung'unika kwamba kisu changu ni kibutu. Treni ikapita katikati ya jiji, ikaenda mashariki, ikatoka ardhini. Dirisha lilikuwa limelowa. Matone hayakushuka, yalikuwa yanakwenda pembeni, yanakimbizwa na upepo, na miti yote kando ya reli imelala upande mmoja. Mama alikuwa amekuja.

Nikasema moyoni, basi nani haji?

Hapo ndipo nilipoisikia simu ile. Wiki nzima mwenzangu alisema "mathe", kwa kila kitu, asubuhi na jioni. Mchana ule alisema "mama yako". Aliiweka sauti yake vizuri, kama mtu anayevua viatu mlangoni, na mimi sikusikia, nikamjibu kwa kigelegele.

Nilimkuta amekaa kwenye kitanda chake pale sebuleni, hajawasha taa. Alisimama. "Woiye, pole," akasema. "Nilifikiria umeshikwa na wazimu. Ulini-hang-up-ia."

Alinieleza. Kaka alikuwa amepiga kutoka Dar. Mama aliamka alfajiri, akavaa, akafunga begi, kaka akadhani anajiandaa kwa safari ya usiku. Akamwambia kaka ampeleke stendi ya mabasi ya kusini. Kaka alimbembeleza, akamgombeza, akamwita na mchungaji jirani ingawa sisi ni Wakatoliki. Mama alikuwa na tiketi ya ndege kwenye mkoba na akapanda basi la Songea. Hakuwa mgonjwa wala hakuna aliyemkatalia. Alisema atanieleza mwenyewe Jumapili.

Nilikasirika. Watu husema walilia. Mimi nilikasirika kwanza. Nililitupa koti lile la kofia ukutani. Niliyamwaga maharage kwenye sufuria nikayachemsha usiku uleule kwa kisirani, tukayala na mwenzangu kesho yake siku nzima, upepo ukitikisa madirisha, umeme ukizimika na kurudi. Hakuna paa lililong'oka Riverdale Park. Tawi moja lilianguka juu ya gari la mtu. Ilikuwa mvua nyingi tu, ya joto, isiyoisha, na kila nilipopita dirishani nilisimama kuitazama, kwa sababu kwa siku ile ndiyo pekee iliyokuwa na jina la mtu niliyemtaka.

Jumapili nilipiga simu nyumba ya mapadre. Nilikuwa nimepanga maneno yangu, makali, kama saba hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umenuna?"

Maneno saba yakaniishia. Nikasema, "Mama, kwa nini?"

"Uliniambia mwenyewe," akasema. "Nilikuuliza, ukanijibu. Vinavyotoka huku havirudi."

"Mama, ile ni hewa! Wewe ungekaa miezi mitatu ukarudi!"

"Mimi ningerudi. Najua. Siku niliyopata viza nilicheza hapa uwanjani, padre alinicheka. Lakini nimekaa Dar kwa kaka yako siku mbili, nimewaza. Nikija, nitaona unapolala, nitaona kazi yako, nitakula chakula chako. Nitakuzoea huko. Na wewe hamu itakuisha. Utasema, mama nimeshamwona, anaweza kuja tena mwaka mwingine. Sasa nani atarudi nyumbani? Mwanangu, kitu pekee kinachokuvuta huku ni mimi. Nikikuletea hicho huko mlangoni, nimekumaliza."

Nilikuwa nimekaa sakafuni, kamba ya simu imenizunguka mguu. Nikamwambia siwezi kutoka, karatasi hazijaisha, anajua hilo. Akasema anajua, hajasema leo. Akasema atasubiri, kazi ya kusubiri anaiweza. Nilimsikia akihema, na nyuma yake watoto wa katekisimu wakipiga kelele, na jogoo wa mapadre ambaye hakuwahi kujua saa.

Kisha akauliza, kwa sauti ile yake ya maswali, "Na kile cha jina langu, kilipita?"

"Kilipita."

"Mvua? Mwezi wa saba?"

"Mvua kubwa, mama. Siku nzima."

"Ilikunyeshea?"

Nikakumbuka kutoka kwenye treni Ijumaa ile, nikitembea hadi nyumbani bila kufungua mwavuli. "Ilininyeshea. Nililowa chapachapa."

"Haya," akasema mama, na nilimsikia anatabasamu na nilimsikia analia, yote kwa pamoja. "Basi mimi nimeshafika. Sasa ni zamu yako."